Cheti cha CTRS kikitazamwa kutoka Dodoma: mafunzo ya daraja la juu, mlango mwembamba

Kwa muda sasa wauguzi, maafisa ustawi wa jamii na wataalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy) wanaofanya kazi hapa Dodoma wamekuwa wakiulizana kuhusu cheti cha tiba kwa burudani kinachotolewa Marekani, kile kinachojulikana kwa herufi CTRS, yaani Certified Therapeutic Recreation Specialist, na wengi wanaoniuliza wanataka jibu la neno moja: kinalipa au hakilipi. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili mwenye shahada, nimesoma kozi zake kwa njia ya masafa nikiwa hapa hapa mjini, nimewasiliana na ofisi inayokitoa, na sijafika kwenye mtihani kwa sababu nitakazozieleza. Tathmini hii basi ni ya mteja ambaye ameshatoa fedha yake na kupokea sehemu kubwa ya alichokilipia, na hukumu yangu naitanguliza: mafunzo yaliyo nyuma ya cheti hiki ni mazuri kuliko nilivyotarajia na yanatumika wodini kesho yake asubuhi, ilhali cheti chenyewe, yaani zile herufi nne za kuandika baada ya jina, kwa mtu asiyekusudia kuondoka Tanzania kinagharimu zaidi ya kinachoingiza.

Kinachotoa cheti hicho ni chombo kiitwacho National Council for Therapeutic Recreation Certification, au NCTRC, kilichoanzishwa mwaka 1981 na chenye ofisi zake katika jimbo la New York. Si chuo, wala si idara ya serikali. Ni baraza la kitaaluma linalojitegemea, ambalo kazi yake ni kukagua elimu na uzoefu wa mwombaji, kumtahini, kumwandika katika orodha ya waliothibitishwa, na kumfuatilia miaka inayofuata ili kuona kama bado anastahili kubaki humo. Mtu asichanganye baraza hili na American Therapeutic Recreation Association, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho ni chama cha wanataaluma wenyewe na hakitoi cheti hicho. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja aliyelipia uanachama wa chama akidhani amenunua uthibitisho.

Kwa asiyeifahamu taaluma hii, ni rahisi kudhani kwamba inahusu kuwachangamsha wagonjwa kwa muziki na karata ili siku iishe. Mtaalamu wa tiba kwa burudani hutumia mchezo, ngoma, bustani, uchoraji au matembezi kwa namna ile ile ambayo mtaalamu wa fiziotherapia hutumia zoezi: kuna tatizo lililopimwa, kuna lengo lililoandikwa, kuna shughuli iliyochaguliwa kwa sababu inayoelezeka, na kuna tarehe ya kurudi kupima tena. Chimbuko lake katika hospitali za Marekani linahusishwa na kazi ya Msalaba Mwekundu katika hospitali za wanajeshi wakati wa vita kuu mbili za dunia, na pia na kliniki ya akina Menninger huko Topeka, Kansas, ambako burudani ilihesabiwa kuwa sehemu ya matibabu ya magonjwa ya akili. Leo masharti ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, yanazitaka hospitali za magonjwa ya akili zinazolipwa na bima hiyo ziwe na programu ya shughuli za kitabibu kwa wagonjwa wake. Sharti hilo peke yake linaeleza kwa nini taaluma hii ina soko kule: kwa mujibu wa takwimu za ajira za Marekani za Mei 2023, mshahara wa kati wa mtaalamu wa tiba kwa burudani ulikuwa takribani dola 57,000 kwa mwaka.

Sasa niseme kinachodaiwa ili kukipata. Njia kuu ni ya mwanafunzi aliyesomea tiba kwa burudani tangu mwanzo: awe na shahada ya kwanza au zaidi katika fani hiyo, awe amepita kozi za msingi za tiba kwa burudani pamoja na kozi za kusaidia, miongoni mwake anatomia na fiziolojia, saikolojia ya matatizo ya akili, na makuzi ya binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, kisha awe amefanya mafunzo kwa vitendo ya angalau saa 560 kwa muda usiopungua wiki 14 mfululizo, chini ya usimamizi wa mtu ambaye tayari ana cheti hicho. Baada ya hapo ndipo huruhusiwa kufanya mtihani. Njia za pili ni za watu kama mimi, wenye shahada ya fani nyingine, ambao huongeza kozi zinazokosekana na kufidia mafunzo kwa vitendo kwa uzoefu wa kazi: ama miaka 5 ya ajira ya kulipwa ya muda wote katika huduma za tiba kwa burudani, ama mwaka 1 wa ajira ya namna hiyo chini ya msimamizi mwenye cheti.

Muuguzi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo au mhitimu wa saikolojia kutoka chuo kikuu chochote cha hapa nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), atakuta kozi za kusaidia hazimsumbui, kwa kuwa nyingi alishazisoma. Kinachomsubiri ni kozi za tiba kwa burudani zenyewe, na hizi ndizo nilizozisoma kwa masafa katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo fedha yangu ilipokwenda na ndipo nilipopata thamani yake.

Kozi ya tathmini ya mgonjwa ndiyo bora kuliko zote. Katika wodi zetu tumezoea kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameshiriki michezo na amefurahi, na tukiulizwa furaha hiyo imembadilishia nini hatuna la kusema. Kozi hii humlazimisha msomaji kuuliza kabla ya kuchagua mchezo wowote: mgonjwa huyu alikuwa akifanya nini jioni kabla hajaugua, alikuwa akifanya na nani, nini kimemzuia asirudie, na je, kizuizi hicho kiko mwilini mwake, kichwani mwake, mfukoni mwake au nyumbani kwake? Majibu ya maswali hayo huandikwa, hupimwa kwa vipimo vilivyofanyiwa utafiti, na ndiyo huwa msingi wa mpango. Hatua zinazofuata ni kupanga, kutekeleza, kutathmini matokeo, na kuweka kumbukumbu za kila hatua, na mkufunzi hakubali kazi yoyote ambayo hatua moja haishikamani na iliyotangulia.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi inavyofanya kazi, kutokana na zoezi nililolifanya katika kituo cha utengamao ninakofanyia kazi. Mzee mmoja aliyepata kiharusi, mkono wake wa kulia ukiwa dhaifu, alikuwa akiwekewa ubao wa bao kila mchana kwa kuwa ndugu zake walisema anaupenda, lakini alikuwa akiutazama tu na kusukuma kete mbili tatu kwa mkono wa kushoto. Kwa utaratibu wa zamani faili lake lingesema anashiriki. Nilipomfanyia tathmini kamili, niligundua kwamba kabla ya kuugua alikuwa akicheza kijiweni na wazee wenzake kila jioni, na kwamba alichokuwa akikiogopa ni kuonekana mbele yao akidondosha kete. Lengo lililoandikwa likawa hili: ndani ya wiki nne achote kete za shimo moja kwa mkono wa kulia na kuzigawa moja moja katika mashimo manane ya safu ya mbele, asidondoshe zaidi ya mbili, katika majaribio matatu kati ya manne. Tulianza na vipande vya mbao vikubwa vinavyoshikika, tukapunguza ukubwa, hatimaye tukarudi kwenye komwe. Sambamba na hilo tulikuwa na mazungumzo kuhusu kijiwe chenyewe: nani amwambie mapema, akae upande gani, aanze kwa kutazama au kwa kucheza. Mwisho mjukuu wake alimpeleka.

Anayesoma fani hii atautambua mara moja mfumo wa nadharia uliojificha katika mfano huo, ule unaoitwa Leisure Ability, uliotokana na kazi ya Carol Peterson na Scout Gunn. Mfumo huo huigawa huduma katika sehemu tatu: kuimarisha uwezo wa mwili na akili, kumwelimisha mgonjwa kuhusu matumizi ya muda wake wa mapumziko, na kumfikisha kwenye ushiriki wa hiari katika burudani anayoipenda. Udhibiti wa mtaalamu hupungua kadiri mgonjwa anavyosogea kutoka sehemu ya kwanza hadi ya tatu. Wengi wetu hapa nchini tunaijua sehemu ya kwanza, kwa sababu inafanana na tiba kwa vitendo na fiziotherapia, na sehemu ya tatu tunaifanya kwa mazoea. Ni ile ya katikati ambayo tulikuwa hatuna kabisa, na kwa kijana anayetoka katika uraibu, ambaye jioni yake yote zamani ilikuwa ni pombe au bangi, sehemu hiyo ya katikati ndiyo inayoamua kama atarudi wodini au la.

Kasoro ya kozi hizi ni mifano yake. Niliandika kazi za nyumbani kuhusu mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa kiti cha magurudumu, kuhusu tiba ya kupanda farasi, kuhusu mbwa waliofunzwa kuwafariji wagonjwa, na ingawa kanuni zake zinaeleweka, ilinibidi kila mara nifanye kazi ya pili ya kutafuta kinacholingana nazo Dodoma. Wakufunzi hawakuweka kikwazo. Mmoja alifurahia sana mpango nilioujenga juu ya ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo, ambayo mpigaji huishika ngoma katikati ya mapaja huku mikono na mabega yakifanya kazi ya mdundo, jambo linalompa mtaalamu nafasi ya kufundisha uthabiti wa kiwiliwili, uratibu wa mikono miwili na usikivu wa kikundi kwa wakati mmoja. Marimba madogo ya Kigogo yanayochezwa kwa vidole gumba, yaliyojulikana duniani kupitia marehemu Hukwe Zawose, nayo ni chombo cha ajabu kwa mgonjwa anayehitaji kurudisha wepesi wa vidole. Lakini maarifa haya unayaleta wewe, hayamo katika kozi, na mwanafunzi mvivu atamaliza masomo akiwa na mipango mizuri ya maeneo ambayo hatayaona.

Kuhusu uendeshaji wa kozi sina malalamiko makubwa isipokuwa saa. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa kumi na mbili jioni huko mashariki ya Marekani kinatuangukia saa saba usiku, na wao wakirudisha saa nyuma katika majira ya baridi kinahamia saa nane. Rekodi hutolewa, ila mijadala inayohesabiwa alama haikungoji. Mtu wa zamu za usiku ataona nafuu kidogo, kwa kuwa angalau yuko macho. Bando linalohitajika ni la kawaida kwa anayetazama video, na malipo hufanyika kwa kadi ya benki inayokubali dola. Ada za chuo, za maombi, za mtihani na za kila mwaka hulipwa kila moja kwa wakati wake, na kwa kuwa hubadilika sitaziandika hapa. Baraza huzichapisha zote kwenye tovuti yake. Ninachomshauri msomaji ni kuzijumlisha zote kabla ya kulipa ya kwanza, kwa sababu ile ya kwanza ndiyo ndogo.

Huduma ya ofisi ya baraza naipa alama za juu. Barua pepe zangu zilijibiwa na mtu aliyezisoma, si kwa majibu ya kunakili, na nilipouliza swali lisilo la kawaida kuhusu uzoefu wa kazi nilioupata nje ya Marekani nilipewa jibu la wazi, japo halikuwa nililolitaka. Miongozo yao imeandikwa kwa Kiingereza rahisi na haimfichi mwombaji kitu. Nakala za matokeo za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada hutakiwa kwanza zipitiwe na taasisi ya kutathmini elimu ya kigeni, ambayo nayo hutaka nakala hizo zitoke chuoni moja kwa moja, na hapa ucheleweshaji wowote utakaoupata utatokana na pande nyingine, si na baraza. Jambo jingine la kusifiwa ni kwamba mtu yeyote, mwajiri au mgonjwa, anaweza kuangalia mtandaoni kama fulani ana cheti hicho kweli. Natamani kila cheti kinachotundikwa ukutani katika zahanati zetu za binafsi kingekuwa na huduma kama hiyo.

Mtihani wenyewe ni wa kompyuta, wa maswali ya kuchagua jibu, na hufanyika katika vipindi maalumu vya mwaka. Mada zake hutokana na uchunguzi ambao baraza hufanya mara kwa mara kuhusu kazi ambazo wataalamu hufanya kila siku: misingi ya taaluma, tathmini, upangaji, utekelezaji, uwekaji kumbukumbu, uendeshaji wa huduma, na ukuzaji wa taaluma. Nimepitia maswali ya mazoezi na naona kwamba kwa muuguzi mzoefu ugumu hauko katika magonjwa. Uko katika maswali ya uendeshaji, yanayochukulia kwamba unajua bima za Marekani, sheria yao ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu, na viwango vya vyombo vyao vya kukagua hospitali. Mambo hayo hujifunzwa kwa kukariri, hakuna njia nyingine.

Na sasa nifike pale nilipokwama, ambapo naamini wengi watakwama. Masharti yote niliyoyataja yanaweza kutimizwa na mtu aliyekaa chumbani kwake Makulu au Nkuhungu, isipokuwa moja: usimamizi wa mtu mwenye cheti. Katika hospitali na vituo ninavyovifahamu mimi hapa kanda ya kati, kuanzia Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe hadi vituo vidogo vya utengamao vya mashirika ya dini, sijakutana na mtu mwenye CTRS anayeweza kusimamia saa 560 au mwaka mzima wa ajira. Njia ya miaka 5 haihitaji msimamizi huyo, lakini inataka ajira ambayo kazi yake ni tiba kwa burudani, na majukumu ya uuguzi hayahesabiwi hata kama muuguzi huyo anaongoza kikundi cha ngoma kila alasiri. Hilo ndilo jibu nililopewa na baraza, na pamoja na uchungu wake naona ni la haki. Cheti ambacho kingekubali saa za uuguzi kama saa za tiba kwa burudani kisingekuwa na maana ya kukitafuta.

Kinachofuata ni ajira. Sijaiona kada ya mtaalamu wa tiba kwa burudani katika matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa kwetu katika jengo la Asha Rose Migiro pale UDOM, kwa hiyo mtu anaweza kwenda kuuliza kwa miguu yake badala ya kutegemea maneno ya mitaani. Kada zinazokaribiana nayo, yaani tiba kwa vitendo, fiziotherapia na ustawi wa jamii, zipo na zina muundo wake wa vyeo. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita ambaye moyo wake uko katika kazi hii na anataka mshahara wa uhakika, ningemwelekeza asome tiba kwa vitendo, ambayo hufundishwa katika hospitali ya rufaa ya KCMC huko Moshi, kisha aongeze maarifa ya burudani juu yake. Akifanya kinyume atakuwa na taaluma ambayo mwajiri hajui aiweke kwenye safu gani ya orodha ya malipo. Ikumbukwe pia kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hushughulika na utambuzi wa tuzo za vyuo vikuu. Cheti cha baraza la kitaaluma la nje ni kitu cha namna nyingine, na asitarajie mtu kwamba akikipeleka huko kitageuzwa kuwa shahada.

Katika mazingira haya wamezuka watu wa katikati, na hawa wanastahili aya yao. Ofisi moja ya wakala hapa mjini ilinitoza fedha kwa ajili ya kile walichokiita maandalizi ya cheti cha kimataifa cha tiba kwa burudani, wakaniahidi kwamba ndani ya miezi michache nitakuwa nimeshathibitishwa. Nilichopewa ni kabrasha la kurasa zilizochapwa kutoka kwenye miongozo ile ile ambayo baraza huiweka wazi bila malipo, zikiwa zimeondolewa ukurasa unaotaja mafunzo kwa vitendo. Nilipodai fedha yangu niliambiwa kwamba ada ya usajili hairudishwi. Jina la ofisi hiyo sitalitaja, ila nitataja dalili ambazo zingeweza kumtambulisha wakala wa aina hiyo popote alipo: hakutajii mtihani, hakutajii msimamizi, na anakuambia kwamba cheti kitakuja kwa barua pepe baada ya kumaliza video. Kuna kozi fupi nyingi mtandaoni zenye majina yanayofanana na taaluma hii, nyingine zikiwa na mafunzo ya kufaa kabisa kwa mtu anayetaka kujifunza, lakini hakuna hata moja ambayo kwa kuimaliza tu inamfanya mtu kuwa CTRS, na katika majimbo kama Utah, North Carolina, Oklahoma na New Hampshire, ambako sheria inamtaka mtaalamu awe na leseni ya jimbo, cheti cha video hakitamfikisha hata mapokezi.

Ningemshauri nani basi alipie huduma hii hadi mwisho? Kwanza, mtu ambaye tayari ana safari ya masomo ya Marekani au Kanada, kwa sababu huko atapata mahali pa mafunzo kwa vitendo kupitia chuo chake, na akikaa kwa mtihani atakuwa bado ana masomo kichwani. Mtu huyo asifikiri mara mbili, maana cheti hiki kinatambulika katika hospitali, nyumba za wazee na vituo vya wanajeshi wastaafu, na baada ya uzoefu wa kutosha anaweza hata kuomba utambulisho wa ubobezi katika maeneo kama afya ya akili, wazee au utengamao wa mwili. Pili, ningemshauri mkuu wa kituo kikubwa mwenye uwezo wa kuajiri, kwa hoja tofauti: akimpata hata mtu mmoja mwenye cheti kwa mkataba wa mwaka mmoja, mtu huyo anaweza kuwasimamia wengine, na mlango ambao kwangu mimi umefungwa ungefunguka kwa wote watakaokuja. Hospitali inayopokea wagonjwa wa akili kutoka nchi nzima, katika jiji ambalo ni makao makuu ya serikali, ina kila sababu ya kulifikiria jambo hilo.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, ningesema walipie kozi mbili tu, ile ya tathmini na ile ya upangaji wa huduma, wakaache nyingine na wasiguse maombi ya cheti. Chuo nilichosoma kinaruhusu mtu kusajiliwa kwa kozi moja moja bila kujiunga na programu nzima, na utaratibu huo unapatikana pia kwingineko. Watakachokipata katika kozi hizo mbili kinatosha kubadilisha namna wodi inavyoandika mafaili yake, na hakiishi muda wake. Cheti kinaisha. Mwenye CTRS huthibitishwa kwa mzunguko wa miaka 5, na ili kuhuisha hutakiwa aonyeshe saa 480 za kazi katika taaluma pamoja na saa 50 za masomo ya kujiendeleza, au arudie mtihani, bila kusahau ada ya kila mwaka katika kipindi hicho chote. Aliyeko mahali ambapo hakuna ajira ya fani hii atapata tabu ya kuzionyesha saa hizo 480 kama nilivyopata mimi kuonyesha uzoefu wa kuingilia.

Atakayeamua kuendelea licha ya yote hayo, aanze na jambo moja ambalo halina ada kubwa na huchukua muda mrefu kuliko yote: aombe chuoni kwake maelezo kamili ya kila kozi aliyosoma, yenye mada, saa za ufundishaji na namna ya kutahiniwa, yakiwa na muhuri wa msajili. Nakala ya matokeo peke yake huonyesha jina la kozi na alama, na jina kama "Afya ya Jamii II" halimwambii mkaguzi wa New York kama ndani yake kulikuwa na makuzi ya binadamu au la. Aliyehitimu zamani, ambaye mitaala imebadilika tangu aondoke, aombe ile ya miaka aliyosoma yeye, na aombe nakala mbili, moja ya taasisi ya kutathmini elimu na nyingine ya kubaki nayo.